Chambo Hakirukwi

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, nyumbani kwetu Mtoni Kijichi, makatazo yalikuwa mengi, lakini moja tu ndilo lililonitisha kweli: kuruka chambo. Ungeweza kupiga mluzi ndani ya nyumba ukakemewa, yakaisha. Ungeweza kufagia jioni ukaitwa mfukuza riziki, yakaisha. Lakini chambo cha Bibi kikiwa kimeanikwa chini, hata kuku walifukuzwa wasipite juu yake.

"Zunguka," alikuwa akisema Bibi, mama yake baba, bila hata kuinua macho. "Chambo hakirukwi. Ukikiruka samaki anajua. Anakuja, anakinusa, anakigusa kwa mdomo, anaondoka zake."

Tuliamini. Mimi mpaka leo, pamoja na shule yangu yote, nikikuta kitu kimeanikwa chini nazunguka.

Baba alikuwa fundi baiskeli, na siku ambazo baiskeli hazikuharibika alivua kwa mshipi, kwa mtumbwi wa kuazima kwa jirani. Wenzake walitumia kamba wabichi au dagaa, ambao samaki mjanja huwanyofoa kwenye ndoana bila kunaswa. Baba alikuwa na chambo cha mama yake. Bibi alinunua ngisi feri, kwenye soko la samaki, akawachuna, akawakata vipande virefu vya upana wa kidole, akavipanga ndani ya chungu: safu ya ngisi, safu ya chumvi ya mawe, mpaka juu. Siku mbili vikae humo vikitoa maji. Kisha aliviosha kidogo, akavipaka mafuta ya maini ya papa, yale ambayo watu wa vyombo huyaita sifa, akavianika kwenye ungo kivulini nyuma ya jiko. Kivulini, si juani. Jua humfanya ngisi awe mkavu wa kuvunjika, kivuli humfanya awe mgumu kama ukanda wa kiatu. Harufu yake ilikuwa ya kukimbiza wageni. Paka wa mtaa mzima walituheshimu kwa ajili yake.

Mkono wangu ndio uliokuwa ukimwaga chumvi. Bibi alidai mkono wa mtoto hauna choyo.

Mwaka huo Shangazi Mwanahawa, dada yake baba, alikuwa anaposwa. Umri wake ulikuwa umepita miaka thelathini, na majirani walishaanza kuuliza habari zake kwa sauti ile ya kuulizia mgonjwa. Posa moja ilikuwa imekuja miaka ya nyuma. Ikaahirishwa mara moja tu, kwa ajili ya msiba, na wenyewe hawakurudi tena. Sasa alikuwa amekuja seremala mmoja wa Pugu, mtu mpole, na wazee wake walikuwa waje Jumapili.

Kwetu kulikuwa na desturi ambayo sijaisikia kwingine. Wazee wa posa hulishwa samaki aliyevuliwa kwa mshipi wa nyumba hiyo hiyo, na anayempika ni mposwa mwenyewe. Samaki wa sokoni haingii. "Ukimlisha mkwe samaki wa kununua," Bibi alisema, "na mwanao atamwona wa kununua." Hakuna samaki, hakuna posa, wageni hupelekewa ujumbe wasije. Na kila mtu humo ndani alijua kuwa Shangazi hawezi kuahirishwa mara ya pili.

Kila mtu alifurahi isipokuwa mimi. Mama yangu alikuwa akiuza mboga soko la Temeke. Aliondoka kabla sijaamka na akirudi amechoka hata kusema. Aliyenisuka, aliyeniogesha, aliyenifunga tai ya shule, alikuwa Shangazi. Nililala kitanda kimoja naye, mgongo wangu tumboni kwake. Tukila samaki, alininyofolea shavu, ile nyama laini kuliko zote, akaniwekea kwenye wali wangu. Pugu mie niliijua kwa jina tu. Kwangu ilikuwa mbali kama Makka.

Jumatano mchana chambo kilikuwa kwenye ungo nyuma ya jiko. Bibi alikuwa amelala. Nilisimama pale nikakitazama, nikafikiri, kwa akili yangu yote ya miaka tisa, kwamba dawa ya kumbakiza Shangazi ilikuwa imelala chini mbele ya miguu yangu.

Nikaruka. Hakuna kilichotokea, ukuta haukuanguka. Nikageuka nikaruka tena. Niliruka mara saba, kwa sababu mambo mazito yote niliyowahi kuyasikia yalikuwa saba. Mara ya mwisho gauni langu liligusa kipande kimoja kikasogea. Nilikirudisha mahali pake kwa kidole, nikaenda kucheza rede.

Alhamisi Baba alikwenda baharini alfajiri. Alirudi saa tano na kikapu kitupu.

"Wanagusa," alimwambia Bibi, amesimama mlangoni suruali imekunjwa magotini. "Mama, wanagusa tu. Nasikia mshipi unatikisika, nikivuta, hola. Chambo kinarudi kizima."

Maneno yale yale ya Bibi! Anakinusa, anakigusa, anaondoka zake. Nilikuwa nimeshika kikombe cha uji, nikakiweka chini.  Bibi alikwenda nyuma ya jiko, akainamia ungo, akakaa hapo muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama ngisi.

Ijumaa kwetu hakwenda mtu baharini. Ilibaki Jumamosi moja.

Usiku ule wa Alhamisi Shangazi alilia. Hakutoa sauti, nilisikia tumbo lake likipanda na kushuka mgongoni kwangu, na nywele zangu zikalowa. Nilijifanya nimelala. Sijawahi kuona aibu kama ile maishani mwangu, na nimekwishafanya ya kuaibisha mengi. Nilikuwa nimetaka abaki nami. Sikuwa nimetaka alie. Mtoto hajui kuwa vitu hivyo viwili vinaweza kuwa kimoja.

Asubuhi ya Ijumaa nilimfuata Bibi alipokuwa akipepeta mchele. Nilimwamkia mara mbili.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Ushaniamkia tayari, mke mwenzangu. Sema."

"Mie ndo niliyeruka chambo."

Hakuacha kupepeta. "Mara ngapi?"

"Saba."

"Uu! Mbili zisingekutosha?" Hapo ndipo alipoweka ungo chini akanitazama. Nilidhani nitachapwa. Badala yake aliuliza, "Hutaki aende?"

Nililia kilio cha kukatika pumzi. Alinifuta uso kwa ncha ya kanga yake, kwa nguvu kidogo, akanishika mkono mpaka nyuma ya jiko. Nusu ya chambo ilikuwa bado kwenye ungo.

"Ulianzia upande gani?"

"Upande wa jiko."

"Ukamalizia ukutani, maana saba ni witiri, haigawiki kwa mbili. Basi simama ukutani, urudi. Aliyemruka mtoto si humruka kurudi ili mtoto akue? Na hiki ni hivyo hivyo. Ila kila ukiruka, mtakie shangazi yako neno jema moja. Na litoke moyoni. Ukidanganya, samaki atajua."

Niliruka nikasema apate nyumba ya bati. Apate bomba karibu. Mume asiwe mkali. Apate mtoto. Apate na kitanda kikubwa. La sita lilichelewa. Nilitafuta nikakosa, mwishoni nikasema apate majirani wasiomsema. Bibi alicheka puani. La saba lilikuwa gumu kuliko yote. Nikaruka kwanza, nikasema nikiwa nimeshafika chini: "Asinisahau."

"Hilo ni lako, si lake," alisema Bibi. Kisha akafikiri. "Haya, limepita."

Jumamosi Baba alirudi saa nne, na tulimsikia kabla hatujamwona, maana alikuwa anapiga mluzi. Changu wanne wakubwa, wekundu ndani ya kikapu, na tewa mmoja ambaye mkia wake ulikuwa unaning'inia nje. Bibi alipiga kigelegele mpaka jirani akaja kuuliza kama mtoto amezaliwa.

Jumapili nilikuna nazi tano. Shangazi aliwatia changu wake chumvi, limau, kitunguu saumu na pilipili, akawachoma kwa makaa ya vifuu vya nazi, polepole, akiwageuza kwa mikono mitupu. Tui la kwanza aliliinjika pembeni na ukwaju na bizari, likawa zito, akawapaka samaki, akawarudisha motoni, akawapaka tena.  Alipomaliza alinipa ukoko wa tui uliobaki kwenye sufuria niulambe kwa kidole. Wazee wa Pugu walikula mpaka mmoja akaomba mfupa wa kichwa aufyonze. Baada ya mwezi mmoja Shangazi akaondoka na masanduku yake mawili na godoro, na mimi nikalala peke yangu upande wa ukutani, nikiacha nafasi yake wazi kwa muda ambao naona haya kuutaja.

Nilipokuwa mtu mzima, Baba alinieleza habari ya maji. Alhamisi ile yalikuwa maji mafu, bahari imelala, na samaki wa maji mafu hana hamu, hugusa tu. Mwezi ulikuwa nusu, na kufikia Jumamosi maji yalikuwa yameanza kuelekea bamvua, yanakwenda na kurudi kwa nguvu zaidi, samaki wana njaa. "Bibi yako alijua," Baba alisema. "Alikuwa anahesabu mwezi kuliko sheikh." Basi nikaelewa kwamba siku ile nyuma ya jiko Bibi hakuwa akitengeneza chambo. Alikuwa akinitengeneza mimi. Nilimshukuru kaburini, na nilidhani habari imekwisha.

Lakini kwa Shangazi sikuwahi kusema. Nilikwenda Pugu sikukuu zote, nilishika watoto wake watatu mikononi, nilikuwa naye tulipomzika mumewe, na kila mara neno lile lilikuwa limenikaa kooni kama mwiba wa samaki usiomezeka wala kutoka.

Mwaka huu, baada ya Idi, nilimpelekea changu. Siku hizi sivui wala sina wa kunivulia. Niliwanunua feri, nikawapaka nyumbani kwangu kama alivyonifundisha, nikawafunga vizuri. Tulikaa kwenye mkeka barazani kwake, sie wawili tu. Ana zaidi ya miaka sabini sasa, macho yamepungua, lakini vidole vyake kwenye samaki bado vinaona. Nikameza tonge nikasema, haraka, kabla sijaghairi:

"Shangazi, ile wiki ya posa yako. Baba aliporudi mtupu. Mie ndo nilikiruka chambo. Makusudi."

Aliendelea kutenga miiba pembeni mwa sahani.

"Mara saba," alisema.

Nilirudisha tonge sahanini.

"Nilikuwa dirishani nashona mto. Nilikuhesabu."

"Sasa mbona hukunikataza? Mbona hukumwambia Bibi?"

"Ningekukatazaje, mwanangu?" Alifuta vidole kwenye kanga. "Nyumba nzima ilikuwa inanifungia mizigo. Kaka, mama, wifi, majirani mpaka wa mtaa wa pili. Wote wanataka niende, na mie nataka niende, usinielewe vibaya. Lakini hakuna hata mmoja aliyesema, Mwanahawa, tutakukosa. Nikachungulia nje, nikakuona na kigauni chako unaruka, umekunja uso kama askari. Nikasema kumbe yupo mtu."

"Ulilia usiku ule. Nilijua unalilia samaki."

"Samaki!" Alicheka, jino moja linaonekana. "Nililia kwa sababu ulikuwa umenilalia na siku si nyingi ningekuacha."

Miaka yote hiyo nilikuwa nimeibeba siku ile kama ubaya mkubwa niliowahi kumfanyia. Yeye alikuwa amekwenda nayo Pugu pamoja na masanduku yake, akaitunza. Ninaona aibu kukiri kwamba nilianza kulia mbele ya chakula, mwanamke mzima mwenye wajukuu.

Shangazi hakunibembeleza. Alipapasa sahani mpaka akakipata kichwa cha changu, akanyofoa shavu, akaniwekea kwenye wali wangu.