Gari Isiyonguruma ya Kemambo

Niliwahi kulala kifudifudi kwenye tope, macho nimeyafumba, gari ikapita karibu na sikio langu, na injini sikuisikia.

Nilisikia matairi tu. Chwaa, chwaa, kama mtu anayetembea na ndala zilizoloa.

Usiniambie nilikuwa nimelewa. Ilikuwa asubuhi mapema, nilikuwa sijanywa hata chai.

Naitwa Jairo. Naendesha boda. Fomu foo nimemaliza, cheti kipo kabatini kwa mama kimelala usingizi mzuri kuliko mimi.

Haya yalitokea kipindi dhahabu ilipofumuka kule Kemambo, kila mwenye mikono akaja na sururu. Sisi wa boda tulikuwa tunapandisha wachimbaji asubuhi, halafu tunashuka na viroba vya mawe kuyapeleka karasha yakasagwe.

Njia yetu ilikuwa ya mkato, kutoka machimboni mpaka Genkuru. Kiangazi ni vumbi. Masika ni sabuni. Unapanda na pikipiki, kushuka unashuka mwenyewe, pikipiki inakufuata baadaye ikipenda.

Tukaunda umoja. Tulikuwa madereva zaidi ya mia mbili, na kila Jumamosi kila mmoja anatoa elfu kumi, tununue moramu, udongo mgumu wa kumwaga njiani, hasa kwenye bonde moja tulilolibatiza jina la Meza Tairi.

Mwenyekiti alikuwa Wangwe. Mtu wa makamo, sauti nene kama inatoka ndani ya pipa, na pikipiki yake ilikuwa mbovu kuliko zetu zote. Tulimwamini kwa sababu ya ile pikipiki.

Moramu haikuja.

Sababu ilikuwa gari.

Wa kwanza kukutana nayo alikuwa Mwikwabe, dereva mwenzetu, Mkurya mwenye mabega kama mlango wa ghala. Siku hiyo alifika kijiweni kwa miguu, kifua chote tope. Pikipiki alikuwa ameiacha huko huko.

"Nimekutana na pikapu nyeusi," akasema. "Inateremka. Taa hakuna, mlio hakuna."

"Imezimwa, inaserereka tu," nikamwambia.

"Ilisimama, mura," akaniita kijana kwa Kikurya chake. "Ikageuka, ikapanda kidogo, ikanipisha, ikashuka tena. Gari iliyozimwa inapandaje?"

Nilijaribu kucheka, kicheko kikatoka kama kikohozi.

Wangwe alikuwa amekaa pembeni anasikiliza. Akavua kofia.

"Mnawakumbuka wale vijana waliofukiwa shimoni, ambao miili yao haikutolewa?"

Tuliwakumbuka. Wawili nilikuwa nawabeba mimi.

"Hiyo gari ni yao. Inatafuta watu wa kuongeza kwenye zamu. Ukiiona, zima pikipiki, lala kifudifudi, fumba macho. Ukitazama kwenye kioo chake, jua umeshaandikishwa."

Nani angebisha? Baada ya hapo wakaiona wengine. Kila palipokuwa na ukungu, yupo aliyerudi na tope kifuani, ameshika kofia ngumu mkononi kama anatoka kuzika.

Zamu yangu ikafika, ndiyo hiyo niliyoanza nayo. Sitasema nilijikojolea. Nitasema tu mwaka ule mvua zilikuwa nyingi.

Na kila tulipouliza habari za moramu, Wangwe alikuwa na jibu.

"Dereva wa tipa amefika pale juu, ameiona, amegeuza. Ongezeni kidogo nitafute dereva mwenye roho ngumu."

Tukaongeza.

Sasa sikia siku yenyewe.

Dada yangu Akello ameolewa Migori, ng'ambo ya mpaka. Mimba yake ya pili ilipokomaa akaja kwetu, awe karibu na mama. Mtoto wa kwanza alitolewa kwa upasuaji, na manesi walimwonya asithubutu kumzalia huyu nyumbani, kovu linaweza kuachia ndani kwa ndani.

Halafu mama akapata msiba Sirari. Aliondoka ameniachia agizo moja.

"Jairo, uchungu ukianza, kituo cha afya. Usiniletee utani wako."

Uchungu ulianza kabla hajarudi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, kivuko cha barabara kubwa kimejaa maji, hakipitiki. Imebaki njia yetu ya mkato, ya kushukia Genkuru kilipo kituo.

Nilimpakia Akello, nikamfunga na kanga ya mama kwenye mgongo wangu. Ukungu ulikuwa mzito kama uji. Taa ya pikipiki ilikuwa inamulika ukuta mweupe, hatua mbili mbele sioni.

"Usiendeshe kama umebeba mawe," akaniambia.

"Mawe hayanigombezi."

Alicheka kidogo, halafu kicheko kikakatika. Akanibana mbavu mpaka nikasimama.

"Endelea tu," akasema.

Hatukufika mbali. Tairi la nyuma likachotwa na utelezi, tukaenda chini taratibu kama watu wanaokaa kitini. Nilivyoinua pikipiki nikakuta mnyororo umekatika.

Akello alikuwa amepiga magoti, kiganja kimoja chini ya tumbo.

"Jairo. Kuna kitu kinavuta hapa kwa kovu."

Nikapiga simu. Mtandao hakuna. Nikaita. Ukungu ukala sauti yangu, hata mwangwi haukurudi.

Hapo nikaisikia.

Chwaa. Chwaa.

Ilikuwa inatokea nyuma yetu, juu, inashuka. Kwanza hakikuonekana kitu. Halafu ndani ya ule weupe kukawa na weusi, na weusi ukawa na pua.

"Lala," nikamwambia dada yangu. "Lala kifudifudi, fumba macho."

"Nitalalaje kifudifudi na hii tumbo?"

"Akello, nakuomba. Hiyo gari haina mtu."

"Iko na matairi?"

"Inayo."

"Basi mimi napanda. Kama dereva ni shetani, nitamwambia apitie hospitali kwanza."

Akajikokota mpaka katikati ya njia, akasimama, akanyoosha mikono yote miwili.

Na mimi, kaka mtu, nikalala. Sikuamua. Nilifukia uso kwenye tope, nikawa nasikia matairi yanasogea, yanasogea, na dada yangu anapumua kama mtu anayepandisha mzigo.

Matairi yakasimama.

Kioo kikashuka, zzzz.

"Jairo. Inuka umshike dada yako."

Hilo lishetani linajua jina langu. Nikasema basi, nimeshaandikishwa, mama atarudi na msiba wa pili.

"Jairo bwana, utalala mpaka saa ngapi? Ni mimi, Wangwe."

Nilifumbua jicho moja. Ndani ya gari ya marehemu alikuwemo mwenyekiti wetu, amevaa sweta ya kijani na bakuli la makande liko kwenye dashibodi.

Hakunitazama usoni. Alishuka, tukamwingiza Akello kiti cha nyuma, tukaondoka. Kimya kabisa. Nilikuwa nimekaa mbele nimeshika mlango, bado siamini kama yule ni yeye.

Tukafika kwenye kijimwinuko, na chini ya miguu yangu kitu kikanguruma chenyewe. Nilipiga ukelele ambao Akello ananikumbusha mpaka leo.

"Ni haibridi, mura," Wangwe akasema. "Ina betri kubwa. Kwenye mteremko na mwendo mdogo inatembea na umeme. Ikipata mlima mkali au betri ikipungua, injini inaamka. Mafuta inalamba tu."

"Umeme? Kijiji kizima hakina umeme, wewe unao kwenye gari?"

"Inajichaji yenyewe ikitembea."

"Kwa hiyo wale waliofukiwa?"

Wangwe alikuwa anaangalia mbele. "Mimi sikuanzisha. Mwikwabe alilala mwenyewe, hakuna aliyemwambia. Nikaona, kumbe inawezekana."

"Na leo mbona umesimama?"

"Nilitaka kurudi nyuma. Nikaona tumbo."

Nilikuwa na mengine ya kuuliza, lakini tulikuwa tumefika Meza Tairi.

Pua ikazama. Matairi yakazunguka, tope likaruka mpaka juu ya bodi, gari ikakaa chini kama ng'ombe aliyegoma. Wangwe akarudisha nyuma, akapeleka mbele, ikazidi kuzama.

Tukashuka kusukuma. Tope lilikuwa linafika magotini. Watu wawili na pikapu yenye viroba vya mawe nyuma. Tulivitupa vyote, bado haikutikisika.

"Jairo," Akello akaita. "Inazidi."

Halafu akanyamaza. Niliogopa ule unyamavu kuliko yote niliyoyaogopa asubuhi ile. Nilichungulia, nikamwona ameuma ncha ya kanga, jasho linamtiririka, macho yanatazama dari.

Mungu akatusikia. Kwenye ukungu mbele yetu zikatokea taa za pikipiki, nyingi, zinapanda. Vijana wetu wa zamu ya asubuhi.

"Njooni msukume," Wangwe akapaza sauti.

Taa ya kwanza ikazimika. Ya pili ikazimika. Zote zikazimika. Nikasikia pu, pu, pu, miili inaanguka chini.

Walikuwa wamelala. Kifudifudi, macho wamefumba, kama walivyofundishwa.

Nikakimbia mpaka kwao. Wa kwanza alikuwa Mwikwabe, yale mabega hayafichiki.

"Mwikwabe, ni mimi Jairo. Inuka, dada yangu yupo humo anakufa."

Akajibu mdomo ukiwa kwenye tope. "Wameshakuchukua, omera, ndugu yangu? Pole sana. Mama yako tutamwambia."

"Sijachukuliwa, niguse."

"Sikugusi."

Nilimvuta mkanda, nikavuta na kofia. Akanipiga teke la kifua bila kufumbua macho. Nyuma yake mmoja alikuwa anasali Kikurya, haraka haraka, kama anayewahi kumaliza.

Wangwe akaja, tope mpaka mapajani. "Inukeni. Ni mimi mwenyekiti wenu."

"Hata sauti wameiga," mmoja akanong'ona. "Msitazame."

"Ni mimi Wangwe. Yale niliyosema ni uongo. Hii ni gari tu, ni gari ya kawaida."

Hakuna aliyenyanyua hata kidole. Alikuwa amewafundisha vizuri.

Nilimwona Wangwe akigeuka, akatazama kile kioo cha nyuma. Kiganja cha Akello kilikuwa kimebanwa kwenye kioo kwa ndani, kimekwisha damu, cheupe. Akarudi kuwatazama wale vijana. Akapangusa uso, akazidi kujipaka.

"Tipa haikuwahi kuja," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, sikuijua. "Sikuiita. Hela ya moramu nimeila. Gari hii nimeinunua kwa hela yenu."

Yule wa sala akakatisha sala.

Mwikwabe akafumbua jicho moja. "Yote?"

"Yote."

"Na ile ya kuongeza?"

"Na ile."

Mwikwabe akainuka. Wakainuka wote, mmoja mmoja, wana tope kama vinyago. Marehemu wa shimoni angeweza kuiga sauti, angeweza hata kuiga sweta. Lakini asingejua hela ya Jumamosi ilikokwenda.

Nilidhani watamrarua pale pale. Mwikwabe alimkaribia mpaka pua zikakaribia kugusana, halafu akampita, akaweka bega lake kwenye bampa.

"Tutamalizana ukishamfikisha," akasema. "Ingia, shika usukani."

Tulisukuma mpaka nikaona nyota mchana. Gari ikatoka Meza Tairi inanguruma kama gari za watu wengine, na wale vijana wakatufuata na pikipiki zao mpaka getini kituo cha afya.

Akello akaingizwa moja kwa moja chumba cha upasuaji. Sisi tukabaki nje. Wangwe alikaa chini kwenye zege, peke yake. Angeweza kukimbia, ufunguo alikuwa nao. Hakukimbia.

Mtoto alilia, wa kike. Nesi akatoka, akatuambia kovu lilikuwa limeanza kuachia, na kwamba tungechelewa kidogo tu tungeongea mengine.

Mwikwabe akasimama, akamwendea Wangwe. Nikasema sasa ndiyo sasa. Akanyoosha kiganja.

"Ufunguo."

Wangwe akatoa.

Hakupigwa. Wengine walitaka, lakini kila aliyeinua mkono alimtazama mwenzake kwanza, na kila mwenzake alikuwa na tope usoni. Ni vigumu kumpiga mtu wakati unaonekana wazi kuwa ulikuwa umelala.

Leo ile pikapu ni ya umoja. Inabeba moramu, na dereva wake ni Wangwe, bila mshahara, Mwikwabe amekaa pembeni yake kila safari. Mama mjamzito akitokea, moramu inamwagwa hapo hapo ilipofikia, anapakiwa yeye. Tumeifungia kengele ya ng'ombe kwenye bampa, ili isimtishe mtu.

Akello hajamweleza mama kwamba mimi nililala. Anasema anasubiri mtoto aanze kuelewa, amsimulie yeye kwanza.

Ndugu msomaji, sikukatazi kuogopa. Mimi bado naogopa ukungu mpaka leo. Lakini ukiambiwa kuna kitu mahali fulani na sharti lake ni kufumba macho, hicho kitu kiache kwanza. Mtazame aliyekuambia. Sisi tulilala kwenye tope masika nzima, na tulikuwa tunamchangia.