Ufunguo wa Tanuri

Mpika fuwele, kama wenzake wa maabara walivyomwita, alikuwa na kasoro moja iliyojulikana hadi kwa mlinzi wa getini: hakuwa na subira. Na kazi yake yote ilikuwa kusubiri. Aliyeyusha lithiamu, chuma, manganizi na fosfati ndani ya kikombe cha platini, kisha akaliacha tanuri lipoe polepole, siku baada ya siku, ili fuwele zijijenge zenyewe. Mlango ukifunguliwa mapema, baridi huingia na kinachobaki ni kioo kitupu. Mara mbili alikuwa amechungulia, na mara mbili aliula wa chuya.

Safari hii mkuu wa maabara alisema wazi kwamba bila fuwele, tanuri litahamia idara nyingine. Mpika fuwele miaka yote alitaka kujua jambo moja tu, jinsi chuma na manganizi zinavyokaa ndani ya mchanganyiko ule. Ili asichungulie tena, akalifunga tanuri na kumkabidhi ufunguo wifi yake, dada wa mumewe, aliyeendesha mashine ya eksirei chumba cha pili.

"Hata nikikulilia, usinipe."

"Lia tu, wifi. Leso ninayo."

Siku ya kufungua ikafika. Alikitoa kikombe kwa koleo, akachungulia. Ndani mlikuwa na kioo cha kahawia, kama kigae cha chupa. Alipogeuka, wifi mtu alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Nilichungulia kidogo tu. Nilitaka niwe wa kwanza kukuambia imekubali."

Alikasirika, na hakuficha. Alichukua nyundo akakipasua kile kioo, na pengine alipiga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Chini kabisa, palipotangulia kuganda, palikuwa na punje moja ya fuwele, ndogo kuliko ya chumvi, yenye kingo kali. Wakaipeleka kwenye eksirei.

Picha ilipokamilika, fosfati zilionekana mbilimbili, zimeshikana kwa oksijeni moja. Chuma na manganizi zilikuwa zinagawana nafasi zilezile, bila kugombana. Alitazama mpaka machozi yakamtoka. Lithiamu tu, kwa wepesi wake, ilionekana kwa shida, na mkuu akaagiza tanuri libaki ili wapike fuwele kubwa zaidi.

"Ufunguo nimpe nani?" wifi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mpe kaka yako. Yule hata jiko la nyumbani hajawahi kulichungulia."