Bibi Harusi Aliyekatazwa Jikoni

Upande wa mashariki wa mji wa Buffalo, Marekani, harusi ya Wapolandi bila mkono wa Apolonia Rzepka haikuwa harusi. Aliingia mji ule akiwa na miaka tisa, kashika sketi ya mamake, kanisa lao lingali halijaezekwa. Baba alipakua makaa relini. Alipofika kumi na minne alitiwa jikoni kumenya viazi harusini kwa binamu yake, akalowea humo. Akapika harusi za watu wa machinjioni na mafundi wa mabehewa, kisha za watoto wao, hadi wajukuu. Mumewe alipofariki alilia wiki mbili. Ya tatu akaitwa harusini, akaenda.

Mwaka wa 1952, Walenty Drozd, mgane mpiga kodiani, alisimama mlangoni pa jiko la ukumbi wa harusi.

"Apolonia, miaka ishirini nakula chakula chako wima, kodiani begani. Nimechoka. Nataka kukila nimekaa."

"Kaa basi, nani kakuzuia?"

"Nikae kwako."

Mwiko ulimponyoka ukazama kwenye kabichi. Alikuwa na miaka hamsini na minane.

Siku ya harusi yao, Genowefa, aliyefundishwa kupika na Apolonia mwenyewe, alimwonya, "Leo jikoni hukanyagi, mama. Bibi harusi ni wa kutazamwa!"

Akakaa, akatazamwa. Supu ya kuku ikaletwa. Akaonja, akaweka kijiko chini.

"Vipi?" Walenty akauliza.

"Chumvi haijakolea."

"Waachie wenyewe, mke wangu."

Akawaachia kwa muda wa ngoma mbili. Ya tatu ilipoanza, huyo, kachomoka kwa mlango wa nyuma hadi jikoni.

"Mama wee!" Genowefa akapiga ukelele. "Toka na shela lako, litashika moto!"

"Chembe tu, mwanangu."

"Chembe? Si wewe uliyenichapa mwiko kwa chembe iliyozidi?"

Wapishi wakacheka mpaka wakashika meza. Walenty, alipomkosa mkewe, aliazima kodiani akamfuata huku akipiga, na wageni nyuma yake, jikoni kukafurika watu wakicheza baina ya masufuria. Padri naye alikuwemo, na paja la kuku mkononi.

Katika vurumai ile Apolonia akatia chumvi yake. Genowefa akaonja, akakunja uso, akaonja tena.

"Haya," akasema. "Sasa ni supu."

Apolonia akanywa mabakuli matatu, ameketi ubavuni mwa mumewe.