Sensor niliyoiacha chumbani Mfaranyaki ilinitumia meseji ya gesi, nikadhani ni mbovu

Wakuu, poleni na majukumu.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Leo naandika, na ninachoandika nilikuwepo kikitokea. Nimebadili majina tu, kwa sababu wahusika bado tunasalimiana kila asubuhi.

Mnivumilie nikizunguka. Mimi ni mtu wa kuwaza hata pasipo na cha kuwaza. Ukinijibu "sawa" bila neno jingine, nitashinda siku nzima najiuliza nimekukosea nini.

Chuo nilisoma elektroniki na mawasiliano. Baada ya kuhitimu nilituma maombi ya kazi mpaka nikawa naogopa kufungua email. Mwishowe tajiri mmoja mwenye ghala la mahindi hapa Songea akanichukua kwa mkataba wa muda. Alikuwa ameona mahali fulani ghala linalojipima lenyewe, akataka na lake liwe hivyo.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kuielewa. Unaingiza sensor ndogo katikati ya magunia, inapima joto na unyevu, inarusha taarifa bila waya hadi kwenye kisanduku kilichopo ofisini, na kisanduku kinatuma meseji kwenye simu. Mahindi yakianza kupata joto huko ndani, unajua kabla hayajaoza.

Kulikuwa na sensor za aina nyingine, za bei zaidi. Za gesi.

Kwa wasiojua: wadudu wa ghalani huuawa kwa kufukiza. Vidonge vinawekwa kwenye magunia, turubai linafunikwa juu, na unyevu wa hewa unavifanya vidonge vitoe gesi. Gesi hiyo inaua fukusi, inaua dumuzi, na inaua mtu vilevile. Sensor ilikuwa ya kutuambia lini ghala ni salama kuingia. Kabla ya hapo watu walikuwa wanakisia kwa pua.

Wabebaji wa magunia waliniita Injinia, na wala haikuwa kwa heshima.

"Injinia, hebu iulize mashine yako, leo mchana tunakula nini?"

"Inasema maharage."

"Aa! Hiyo hata mimi bila chuo ningekwambia!"

Aliyenitania kuliko wote alikuwa Baba Neema. Lakini ndiye pia aliyenitafutia chumba mtaa wa Mfaranyaki, kwenye nyumba aliyopanga yeye na familia yake. Chumba chake na changu vinapakana. Nyumba haina dari, na kuta zimeishia kabla ya kufika kwenye bati, kwa hiyo jirani akikohoa unamwambia pole ukiwa kitandani kwako.

Bintiye Neema alikuwa chekechea. Kila jioni nilimsikia akisalishwa na mama yake. Alikuwa anaikimbiza Salamu Maria ili afike Amina, na mama yake anamrudisha mwanzo.

Sasa kuna jambo moja mtu wa Songea haoni haja ya kulieleza, ila nalieleza kwa ajili ya wa mbali. Huku chakula cha mwaka mzima kinalala na wewe. Mwenye kwake ana stoo. Mpangaji wa mjini anapanga magunia ukutani, kisha kitanda kinafuata. Ukiyaweka nje yataibwa. Ukiyauza yote utanunua unga kwa bei ya kukuliza. Baba Neema alikodi shamba, akalima, akavuna, na magunia yake yalikuwa yamepangwa kwenye ukuta ule tunaochangia.

Msimu huu dumuzi waliyaingia. Mama Neema alikuwa akipepeta asubuhi, vumbi jeupe linaruka, analalamika, "Baba Neema, tutakula unga wa dumuzi mpaka lini?"

Turudi kwenye sensor. Moja ya zile za gesi ilinitia shaka. Ilikuwa inasoma vitu ambavyo wenzake hawasomi. Nikaamua kuipeleka nyumbani, niifungie laini ya simu, niiache chumbani kwangu siku kadhaa kwenye hewa safi.

Hesabu yangu ilikuwa hivi: chumbani kwangu hakuna gesi. Kwa hiyo ikisoma chochote, inadanganya.

Naomba muishike hesabu hiyo, maana ndiyo iliyoniponza.

Siku ya tukio mvua ilinyesha tangu alfajiri, ile mvua yetu ya Songea yenye baridi ndani yake. Tulikwenda kazini, Baba Neema na mimi, tumejifunika nailoni. Nikakaa ofisini nashughulika na kompyuta.

Simu ikaingiza meseji: GESI, na namba.

Nilifurahi, wakuu. Nasema ukweli. Nilijiambia, nimeikamata, kweli ni mbovu.

Nikatuma amri ijizime na kuwaka upya. Ikawaka. Meseji nyingine ikaja, namba imepanda.

Hapo kichwa kikaanza safari zake. Labda ni unyevu wa mvua. Labda ni moshi wa mkaa, watu wanapikia koridoni. Labda battery imeshuka. Labda code yangu ina kosa, na kama code ina kosa, basi na zile za ghalani zina kosa, na kama za ghalani zina kosa, tajiri atanifukuza. Nikafungua code nikaanza kuisoma mstari kwa mstari.

Meseji ya tatu ikaonyesha sensor imefika mwisho wa kipimo chake.

Unyevu haufikishi pale. Mkaa haufikishi pale. Kuna kitu kimoja tu ninachokijua kinachofikisha pale, na nilikuwa nimekaa ndani ya ghala kinamotumika.

Nikatoka kwenda kumtafuta Baba Neema. Alikuwa kwenye foleni ya wabebaji, gunia begani, lori linapakiwa. Pembeni kwenye mizani amesimama msimamizi wetu, Mzee Haule. Mtu mzima, mkali, wa maneno machache.

"Kaka, nyumbani kuna mtu leo?"

"Yupo shemeji yako na Neema. Mvua hii mtoto ataendaje shule? Kwani vipi Injinia, unataka kwenda kunichungia mke?"

Wenzake wakacheka.

Ningemvuta pembeni. Mtu mwenye akili timamu angemvuta pembeni. Mimi nikauliza palepale.

"Kaka, uliweka dawa kwenye mahindi yako?"

Kicheko kikakatika. Mzee Haule akageuza shingo.

Vidonge vile vinatunzwa na Mzee Haule kwa ufunguo. Vinavyobaki baada ya kufukiza vinarudishwa mkononi mwake, na anayekutwa navyo anaondoka siku hiyohiyo.

"Dawa gani?" Baba Neema akasema.

"Vidonge."

"Mimi vidonge nivitoe wapi? Unataka kuniharibia kazi, dogo?"

Hakuniita Injinia.

"Ile sensor nimeiacha chumbani kwangu," nikamwambia. "Inasoma gesi. Na mimi sina mahindi."

Aliniangalia kwanza kama mtu ambaye hajanielewa. Kisha gunia likamtoka begani, likapasuka kwenye sakafu, naye akawa anakimbia kuelekea getini kwenye mvua. Nilimfuata. Tulipanda bodaboda moja, na njia nzima alikuwa akimwambia dereva neno moja tu, "Kimbiza, kimbiza."

Tulipofika, koridoni kulikuwa na harufu ya kitunguu saumu, na hakuna jiko lililowaka.

Mama mwenye nyumba alitoka akatuambia, "Nilidhani wewe kijana ndiye umekaanga kitu asubuhi."

Mlango wa Baba Neema ulikuwa umefungwa, na chini umezibwa kwa kitambaa ili maji yasiingie. Dirisha limefungwa. Mama Neema alikuwa sakafuni, ameshika mguu wa kitanda, anajaribu kuinuka na hawezi. Neema alikuwa kitandani. Amejitapikia. Baba yake alimbeba na shuka lake, mimi nikamvuta mama kwa mabega, tukawatoa barazani.

Majirani wakajaa. Mmoja anauliza wamekula nini. Mwingine anasema ni muhogo mchungu. Mwingine, wapeni maziwa. Baba Neema alikuwa amempakata mtoto, anampangusa uso.

Ndipo pick-up ya ghala ikasimama. Mzee Haule alikuja kwa hasira. Alianza kusema akiwa bado hajashuka.

"Nyie mnaacha gari linapakiwa mnakimbia kama watoto wa..."

Akaona. Akafungua mlango wa mbele.

"Mama na mtoto hapa. Nyie nyuma. Haraka."

Hospitalini walipokelewa upesi. Daktari alikuwa dada mmoja kijana. Aliwapima huku anatuuliza maswali mfululizo. Wamekula nini? Walianza lini? Kuna dawa yoyote nyumbani?

Nikamwonyesha simu yangu. "Daktari, nina kifaa cha kupima gesi, kimesoma hivi kwenye chumba cha pili."

"Gesi gani? Ya jiko? Mkaa?"

Baba Neema alikuwa upande wangu huu, Mzee Haule upande ule. Mimi sikuwa nimeona kidonge kwa macho. Nikisema, nimemwita mtu mwizi mbele ya msimamizi wake.

"Jamani, nahitaji kujua," daktari akasema. "Nikikisia hapa nitakosea."

"Ni vidonge vya kufukizia mahindi." Baba Neema alisema akiwa anamwangalia Mzee Haule, si daktari. "Nilivichukua ghalani. Nimeviweka asubuhi wakati natoka. Niliyafunika magunia kwa nailoni, nikajua gesi haitatoka."

Daktari akaondoka mbio. Baadaye alikuja kutueleza, kwa sauti ya chini, kwamba sumu hiyo haina dawa ya kuiondoa mwilini. Wanachoweza ni kuusaidia mwili upambane.

Nikamsubiri Mzee Haule aseme. Afoke, amfukuze, amwite polisi. Yeye alitoka nje.

Baada ya muda nami nikatoka kutafuta hewa. Alikuwa amesimama chini ya paa la koridoni, mgongo kwangu, simu sikioni, mvua inamrukia suruali.

"Toeni mahindi chumbani," alikuwa anasema. "Yote. Sasa hivi. Na wajukuu watoke nje... Eeh, kwenye mvua hivyohivyo! Usiniulize kwa nini, mama, toa watoto!"

Alipogeuka akanikuta. Tukaangaliana. Hakuniomba ninyamaze, na sikumwahidi kitu. Akapita akarudi ndani, akaketi kwenye benchi karibu kabisa na Baba Neema, mabega yakigusana, na akakaa hapo mpaka jioni.

Mama Neema alipona.

Neema alifariki kesho yake, kabla ya misa ya asubuhi.

Ghalani hakuna aliyefukuzwa. Mzee Haule alikwenda mwenyewe kwa tajiri akaeleza yote, vidonge vya Baba Neema na vile vya nyumbani kwake. Walichoongea sikijui. Ninachojua ni kwamba sasa vidonge vinahesabiwa na watu wawili, na kuna chumba nyuma ya ghala ambako mfanyakazi anaruhusiwa kuleta magunia yake yafukizwe pamoja na ya tajiri, bure.

Nimelala na jambo hili nikiligeuza kila upande. Kati ya meseji ya kwanza na swali langu kwa Baba Neema kuna muda ulipita nikisoma code. Nilimuuliza daktari kama muda ule ungebadili kitu. Akaniambia hakuna anayeweza kujua. Nimelipokea jibu lake. Kuliamini bado.

Ila kuna moja ninaloliona wazi, na hasa nawaandikia nyie wenzangu mnaotengeneza hivi vifaa, viwe vya ghalani, vya wodini au vya kuvaa mkononi.

Kile kifaa hakikukosea. Kilifanya kazi yake yote. Kilihisi gesi, kikarusha taarifa ikavuka mji mzima na mvua yake hadi kwenye simu yangu. Na mama na mtoto waliokuwa nyuma ya ukuta uleule hawakusikia hata mlio.

Nilikitengeneza kiniambie mimi. Sikufikiria kwamba anayetakiwa kuambiwa kwanza ni aliyepo pale hewa inapovutwa. Sasa kila ninachounda kina king'ora na taa, hata kama ni cha kupima unyevu tu. Mwenye kifaa apate meseji baadaye. Aliye chumbani kwanza.

Na kwa wasio mafundi: nailoni haizuii gesi ile. Ukuta usiofika kwenye bati hauzuii. Ukisikia harufu ya kitunguu saumu au ya samaki na hakuna anayepika, toka nje na utoe watu. Vidonge vile si vya kuwekwa mahali mtu analala, hata kwa mchana mmoja.

Wajuvi wa kilimo, wa afya na wa teknolojia, uzi ni wenu. Nirekebisheni, ongezeeni, ulizeni, hata mkinilaumu nitasoma.

Ombi langu ni moja. Kabla hujaandika comment, piga simu nyumbani, uliza mahindi yamelala wapi.