Kelele za Mtafsiri Pale Stesheni

Juzi nilikuwa Kilosa mjini, kwenye duka la kuwekewa filamu kwenye flashi, akaingia mama mmoja mtu mzima. Mwenye duka akampa shikamoo. Mama akaitikia marahaba, kisha akaiweka flashi yake mezani kwa ncha za vidole viwili, kama mtu aliyeokota karanga iliyooza.

"Nataka filamu hiihii iliyomo humu, ya zamani, ya mapenzi na vita. Lakini isiyotafsiriwa."

"Mama, hiyo ni Kiingereza kitupu. Utaelewa?"

"Nielewe nini? Askari anaagana na mkewe stesheni. Wameshikana mikono, hawasemi kitu. Huyo mtafsiri wenu wa Kiswahili anasimulia juu ya sauti yao, anapiga kelele mpaka treni inaondoka! Mara 'cheki mtoto analia', mara 'mwanangu kazi ipo'. Mimi nilimsindikiza mume wangu akienda vita vya Kagera, stesheni yetu hapo. Hatukusema hata neno. Huyo mtafsiri alikuwepo?"

Mimi ni mteja mzuri wa watafsiri hawa, na nakiri kwamba tumewazoesha vibaya: wakinyamaza kidogo tu, tunadhani spika imekufa.

Mwenye duka akainamisha kichwa, akauliza kwa sauti ya msibani, "Pole, mama. Mzee alirudi?"

Mama akamtazama juu mpaka chini.

"Asingerudi, nani angenituma nije kubadilisha? Yuko nyumbani kijijini Mabwerebwere, ameshawasha televisheni. Fanya haraka."