Kiwanda cha Vyoo, na Mimi Sina Choo

Familia niliyoolewa hapa Kasulu hutengeneza vyoo. Baba mkwe alianzia kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtabila, akimwaga slabu za zege za kufunikia mashimo ya vyoo. Kambi ilipofungwa akahamishia kazi uani kwake. Leo mume wangu anachomelea masinki ya kunawia, yale unayokanyaga kwa mguu maji yakatoka, na shule mpaka za Kakonko zinanunua kwetu.

Sasa cheka. Uani palikuwa na choo kimoja tu, na kwa mila mkwe haingii choo cha baba mkwe wake. Kwetu Kibondo ni hivyo hivyo, sikuhitaji kuelezwa. Nikawa navuka barabara kwenda kwa jirani. Kila nikisema tuchimbe kingine, mume wangu ananijibu, "Tumalize oda kwanza." Oda zenyewe haziishi!

Mimba ikakua, mvua zikaanza. Asubuhi moja tumbo la kuhara likanishika. Nikakimbia kwa jirani, nikakuta geti lina kufuli. Nikarudi nimejibana, jasho linanitoka, mafundi wote wananitazama. Jamani, niaibike mbele ya wanaume katikati ya vyoo vipya? Nikaingia kile kile cha mzee.

Nilipotoka, baba mkwe alikuwa amesimama mlangoni pa karakana. Aliniona. Akainamisha kichwa, akageuka, akarudi ndani. Mama mkwe akajipiga mapaja: "Yoo! Umefanya nini wewe?" Nilitamani ardhi inimeze.

Tangu hapo, kwa mwiko ule ule, mzee hakukanyaga tena choo chake mwenyewe. Mvua inamnyeshea, na fimbo yake na kopo la maji, anavuka barabara kwenda kwa jirani. Niliumia sana kumwona. Halafu nikakasirika, maana nyumba nzima ilikuwa inamtazama na hakuna aliyeshika hata chepe. Siku moja, alipotoka tu getini, nikachukua jembe, na tumbo langu lile, nikaanza kuchimba nyuma ya karakana. Mume wangu akapiga kelele niache. Nikamwambia akamalize oda.

Baba mkwe akarudi, akanikuta nimelowa chapachapa. Tangu niolewe, alikuwa akinisemesha kupitia kwa mkewe tu. Nikainamisha macho, jembe mkononi.

"Mama, lete hilo jembe," akaniambia mimi mwenyewe. "Utanizalia mjukuu shimoni."