Mapazia ya Mwaka wa Sita

Mashine ya kuonyesha picha ukutani ilipofika shuleni kwetu, mimi, mwalimu wa mwaka wa sita, ndiye niliyefurahi kuliko wote. Miaka mingi ya kuvuta vumbi la chaki ilikuwa imeniachia kikohozi kisichokwisha. Sasa masomo yalikuja yametengenezwa tayari, na sauti nzuri ya mwanamke ikieleza kila kitu kutoka kwenye spika. Tatizo lilikuwa mwanga: madirisha yetu yanatazama ziwa, na jua likiwaka picha haionekani. Mama wa mwanafunzi wangu mmoja, mshonaji wa mtaa wa Kadutu, alitushonea mapazia mazito ya buluu. Hakutaka kulipwa.

Binti yake alikaa mstari wa kwanza. Mtoto mpole, wa pili au wa tatu darasani kila mara. Alikuwa na tabia ya kunikodolea macho mdomoni nikifundisha, hata siku nyingine nilijifuta midomo nikidhani nimebakiza chakula.

Tulipoanza kufunga mapazia, alibadilika. Alikuwa akigeuka kuwatazama wenzake. Wakicheka, naye alicheka, lakini amechelewa kidogo. Pointi zake zilishuka. Mimi nilikuwa mwisho wa darasa, kwenye kompyuta, na watoto niliwaona migongo tu.

Siku moja nilimuuliza swali kutoka kule nyuma. Hakugeuka. Nikamwita mara ya pili. Mara ya tatu nilipaza sauti, darasa zima likageuka isipokuwa yeye. Niliona ni kiburi. Nilimshika bega, nikamtoa nje, akasimama kwenye veranda mpaka kengele ya saa sita. Katika buletini yake, ile ripoti ya matokeo inayopelekwa nyumbani, niliandika: *Hasikilizi.*

Baada ya likizo ya Pasaka hakurudi. Nakiri kwamba wiki mbili zilipita bila mimi kushtuka. Zamani nilikuwa nikipita dawati kwa dawati na kalamu nyekundu. Sasa kompyuta ndiyo iliyosahihisha mazoezi, na mbele ya jina lake iliweka kistari tu.

Nilipokwenda kwao, mama yake alisimamisha cherehani, akanipa kiti.

"Baba yake alimupeleka kwa nyanya yake, kule kijijini Nyantende," alisema. "Alisema kama mutoto hasomi, aende kulima."

"Lakini huyu mutoto iko na akili, maman. Juu ya nini aliacha kusikiliza?"

Alikunja na kukunjua kipande cha kitambaa.

"Madamu, hasikie. Tangu ile homa, akiwa mudogo. Alikuwa anasikiaka na macho, anaangalia kinywa yako. Tulificha, tuliogopa mutamukatala ku masomo."

Sikumbuki niliagana naye vipi. Nakumbuka tu kwamba nilishuka kilima cha Kadutu kwa miguu, pikipiki zikinipigia honi, nikihesabu miezi ambayo mtoto yule alikaa gizani mbele ya sauti ambayo haikuwa na mdomo.

Jumamosi nilipanda hadi Nyantende. Nilimkuta katika shamba la maharagwe, ameinama, amenipa mgongo. Nilikuwa karibu kumwita, nikajizuia. Nilizunguka shamba lote hadi nikatokea mbele yake.

Aliponiona alidondosha jembe, akaweka mikono nyuma kama mtoto anayesubiri adhabu.

"Nimekuja kukuomba radhi," nilimwambia polepole. "Sikujua."

Alitazama midomo yangu mpaka mwisho, kisha akasema, "Mbele, zamani, ulikuwa unasema na sisi, Madamu. Kisha ukaanza kusema na mashine."

Hakusema kwa hasira. Nilitamani angesema kwa hasira.

"Rudi. Nitafungua mapazia. Nitasimama mbele yako."

"Papa hatakubali," alijibu, akaokota jembe.

Nilimfuata baba yake mara mbili. Mara ya kwanza alinisikiliza kwa heshima. Mara ya pili alitoa ile buletini mfukoni, akaweka kidole juu ya neno nililoandika mwenyewe. "Ni wewe uliandika, Madamu. Mimi niliamini mwalimu."

Darasani nilifungua mapazia. Mkurugenzi wa shule alilalamika kwamba picha zimefifia, nikamwambia watoto wataziona zinavyoonekana. Mashine sikuitupa, maana kuna mambo inayoyaonyesha ambayo chaki yangu haiwezi. Ila nilianza kuizima kila baada ya dakika chache, nikapita kati ya madawati, nikainama, nikauliza kila mmoja ameelewa nini. Katika wiki ya kwanza tu niligundua mtoto mmoja asiyeona vizuri. Kwa huyo sikuchelewa.

Mwezi wa sita niliandaa orodha ya watakaofanya mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Niliiandika kwa mkono. Nilipofika mahali ambapo jina la binti wa mshonaji lingekaa, kalamu ilisimama, kisha nikaandika jina lililofuata. Niliipeleka orodha ofisini. Watoto walikuwa wakinisubiri, nikarudi kufundisha.